Mali Ikishauzwa Hairudishwi: Historia ya Haki ya Mnunuzi Aliyeuziwa Kipuri Kisicho Sahihi katika Sheria za Tanzania na Kenya, 1930–2021

Ikisiri

Makala haya yanachunguza historia ya haki ya kurudishiwa fedha kwa mnunuzi aliyeuziwa kipuri cha gari kisicho sahihi nchini Tanzania na Kenya. Hoja kuu ni kwamba haki hiyo si zao la sheria za karibuni za kumlinda mlaji. Ilikuwamo katika sheria za uuzaji wa bidhaa tangu mwanzoni mwa miaka ya 1930, na kabla ya hapo wanazuoni wa fiqhi walikwisha kuijadili kwa istilahi zao katika pwani ya Afrika Mashariki. Kilichoidhoofisha ni mambo matatu: kasoro za sheria iliyonakiliwa kutoka Uingereza bila kufuatiliwa iliporekebishwa huko, uhaba wa bidhaa uliozifanya fedha zisiwe na thamani kuliko kipuri chenyewe, na ukosefu wa maandishi yanayoonyesha mnunuzi aliagiza nini. Makala yanahitimisha kwamba mgogoro wa kipuri kisicho sahihi kimsingi ni mgogoro wa maneno, na kwamba historia yake ni historia ya nani aliyatunza maneno hayo na kwa lugha gani.

1.0 Utangulizi

Katika maduka mengi ya vipuri vya magari, ukutani nyuma ya kaunta au chini kabisa ya risiti, huandikwa maneno machache: mali ikishauzwa hairudishwi. Mnunuzi aliyerudi na beringi isiyoingia kwenye gari lake huyasoma maneno hayo kama sheria ya nchi, na mara nyingi huondoka bila kudai zaidi. Maneno hayo si sheria ya nchi, na kwa sehemu kubwa ya kipindi kinachojadiliwa hapa hayakuwahi kuwa na nguvu waliyodhaniwa kuwa nayo wauzaji na wanunuzi.

Ili kuielewa historia hii ni lazima kwanza kutenganisha mambo matatu ambayo kwenye kaunta huchanganywa. La kwanza ni kipuri ambacho si kile kilichoagizwa: mnunuzi ametaja aina, akapewa aina nyingine. La pili ni kipuri ambacho ndicho kilichoagizwa, lakini ni kibovu. La tatu ni kipuri kizima na sahihi kwa mujibu wa maneno ya mnunuzi, lakini mnunuzi mwenyewe alikosea kutaja. Sheria huyapa mambo haya majibu tofauti. Katika la kwanza na la pili, mzigo huelekea kwa muuzaji. Katika la tatu, hubaki kwa mnunuzi, na duka likikubali kubadilisha, hufanya hivyo kwa hisani. Tangazo la ukutani huyakusanya yote matatu chini ya jibu moja, na hapo ndipo haki ya mnunuzi inapopotelea.

2.0 Khiyari katika biashara ya pwani

Wazo la kwamba mauziano yaliyokwisha kufungwa yanaweza kufunguliwa halikuletwa Afrika Mashariki na sheria za Kiingereza. Katika miji ya pwani, ambako madhehebu ya Shafii yalikuwa ndiyo yenye wafuasi wengi, vitabu vya fiqhi vilivyotegemewa na makadhi, kikiwamo Minhaj at-Talibin cha an-Nawawi, vilikuwa na mlango mzima juu ya khiyari, yaani uhuru wa kuuthibitisha au kuuvunja mkataba wa mauziano. Khiyari ya majlisi iliwapa muuzaji na mnunuzi nafasi ya kubadili nia kabla hawajaachana mahali pa biashara. Khiyari ya sharti iliwaruhusu kuwekeana muda wa kufikiri, usiozidi siku tatu. Khiyari ya aibu ilimpa mnunuzi haki ya kurudisha bidhaa yenye kasoro iliyokuwapo kabla hajaipokea, mradi asichelewe baada ya kuigundua.

Mambo mawili katika mafundisho haya yanahusu moja kwa moja mgogoro wa kipuri. Kwanza, haki ya kurudisha haikutegemea ukarimu wa muuzaji. Ilikuwa sehemu ya mkataba wenyewe. Pili, haki hiyo ilibanwa na muda na mwenendo: aliyeigundua kasoro kisha akaendelea kuitumia bidhaa alihesabiwa kuwa ameridhia. Masharti haya mawili yanajitokeza tena, kwa istilahi nyingine, katika sheria ya Kiingereza. Hata hivyo, kadiri utawala wa kikoloni ulivyojengeka, mamlaka ya makadhi yalipunguzwa hadi kubaki kwenye ndoa, talaka na mirathi, na biashara ikahamishiwa kwenye sheria zilizoandikwa.

3.0 Kutoka London hadi Dar es Salaam na Nairobi

Hatua ya kwanza ya uhamisho huo ilipitia Bombay. Sheria ya Mikataba ya India ya mwaka 1872, iliyokuwa na sura nzima juu ya uuzaji wa bidhaa, ilitumika katika maeneo ya Afrika Mashariki yaliyokuwa chini ya Uingereza, na Tanganyika iliipokea baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia. Hatua ya pili ilikuja mwanzoni mwa miaka ya 1930, Kenya na Tanganyika zilipotunga sheria zao za uuzaji wa bidhaa. Sheria hizo zilinakiliwa karibu neno kwa neno kutoka Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa ya Uingereza ya mwaka 1893, iliyoandikwa na Mackenzie Chalmers. Tanzania bado inaitambua kama Sura ya 214 ya sheria zake, na Kenya kama Sura ya 31.

Sheria ya 1893 haikuumba kanuni mpya. Ilikusanya maamuzi ya mahakama. Kanuni ya kale ya Kiingereza ilikuwa mnunuzi ajihadhari, kwa mantiki ile ile ya msemo wa Kiswahili kwamba mwenye macho haambiwi tazama. Lakini katika karne ya 19 majaji waliona kwamba macho hayatoshi pale mnunuzi anapotegemea maneno ya muuzaji. Katika shauri la Chanter dhidi ya Hopkins la mwaka 1838, Lord Abinger alieleza kwamba mtu aliyeagiza njegere akaletewa maharage hajatimiziwa mkataba wake, hata kama maharage hayo ni mazima kabisa. Hajaletewa bidhaa mbaya. Hajaletewa bidhaa aliyonunua.

Msingi huo ndio ulioandikwa katika kifungu cha 13 cha sheria ya 1893 na kunakiliwa Afrika Mashariki: pale bidhaa inapouzwa kwa maelezo, ni sharti la msingi la mkataba kwamba bidhaa ilingane na maelezo hayo. Kifungu cha 14 kiliongeza kwamba mnunuzi akimjulisha muuzaji matumizi anayoyakusudia, na akautegemea ujuzi wake, bidhaa iyafae matumizi hayo. Kifungu cha 15 kilihusu uuzaji kwa sampuli. Yote matatu yanaigusa biashara ya vipuri. Mwenye gari anayetaja aina ya gari na mwaka ananunua kwa maelezo. Anayesema kipuri kitafungwa kwenye gari gani anajulisha matumizi. Na fundi anayefika kaunta na kipuri kikuukuu mkononi akisema anataka kama hiki anakaribia sana kununua kwa sampuli.

4.0 Kasoro zilizorithiwa

Kama haki ilikuwamo katika sheria tangu wakati huo, kwa nini haikuonekana kaunta? Sehemu ya jibu imo katika sheria yenyewe.

Kasoro ya kwanza ilihusu bidhaa mahususi, yaani ile iliyochaguliwa na kukubaliwa wakati wa mauziano. Sheria ya 1893 ilitenganisha sharti la msingi, ambalo likivunjwa mnunuzi anaweza kuikataa bidhaa na kudai fedha zake, na dhamana ndogo, ambayo ikivunjwa humpa fidia tu. Kisha ikasema kwamba bidhaa ikiwa mahususi na umiliki wake umekwisha kuhamia kwa mnunuzi, uvunjaji wa sharti la msingi utahesabiwa kama uvunjaji wa dhamana. Kwa kuwa umiliki wa bidhaa mahususi kwa kawaida huhama papo hapo mapatano yanapofungwa, mnunuzi aliyechagua kipuri kwa mkono wake angeweza kuambiwa kwamba haki ya kukirudisha ilikwisha kabla hajatoka dukani.

Mahakama za Kiingereza ziliipunguza makali kanuni hii. Katika shauri la Varley dhidi ya Whipp la mwaka 1900, mashine ya kuvunia iliuzwa kwa mtu ambaye hakuwahi kuiona, akaelezwa kwamba ilikuwa mpya mwaka uliotangulia na ilikwisha kuvuna ekari 50 au 60 tu. Ilipofika ilionekana kuwa ni kuukuu sana. Ilihukumiwa kwamba huo ulikuwa uuzaji kwa maelezo, umiliki haukuwa umehama, na mnunuzi alikuwa na haki ya kuikataa. Uingereza yenyewe iliiondoa kasoro hiyo kwa sheria mwaka 1967. Nakala za Afrika Mashariki zilibaki na maneno ya zamani.

Kasoro ya pili ilihusu jina la biashara. Aliyenunua bidhaa kwa kutaja jina lake la kibiashara hakuwa na haki ya kudai kwamba ifae kwa matumizi yake. Katika shauri la Baldry dhidi ya Marshall la mwaka 1925, mnunuzi alitaka gari la starehe la kutembelea, akauziwa Bugatti isiyofaa kwa kazi hiyo. Mahakama ilisema kwamba kulitaja jina hakumnyimi mnunuzi haki ikiwa pia alieleza anachokihitaji na kuutegemea ujuzi wa muuzaji. Ikaongeza kwamba maneno ya mkataba yaliyoondoa dhamana hayakuondoa masharti ya msingi, kwa sababu hayakuyataja.

Kasoro ya tatu ndiyo iliyolipa tangazo la ukutani mahali pa kushika. Kifungu cha 55 cha sheria ya 1893 kiliruhusu haki hizi kuondolewa kwa makubaliano ya wazi, kwa mwenendo wa pande mbili au kwa desturi ya biashara. Hata hivyo, ruhusa hiyo ilikuwa nyembamba. Katika shauri la Olley dhidi ya Marlborough Court la mwaka 1949, tangazo lililobandikwa chumbani hotelini halikumfunga mgeni aliyekwisha kufanya mkataba mapokezini. Kwa mantiki hiyo, maneno yanayosomwa kwenye risiti baada ya fedha kupokewa yamechelewa kuwa sehemu ya mkataba. Na hata tangazo lililoonekana mapema, likisema tu kwamba mali iliyouzwa hairudishwi, haliwezi kwa urahisi kuchukuliwa kuwa ruhusa ya kumpa mteja mali ambayo hakuinunua.

5.0 Miaka ya uhaba, 1967–1984

Nchini Tanzania, hoja hizi za kisheria zilipoteza uzito kwa sababu nyingine kabisa. Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, biashara ya uagizaji iliwekwa chini ya mashirika ya umma. Bei zilidhibitiwa kwa sheria ya mwaka 1973. Kupanda kwa bei ya mafuta na vita dhidi ya utawala wa Idi Amin mwaka 1978 na 1979 viliimaliza akiba ya fedha za kigeni, na vipuri vikawa miongoni mwa bidhaa adimu. Mwaka 1983 serikali iliendesha kampeni dhidi ya walioitwa wahujumu uchumi, na kuwa na shehena ya bidhaa adimu kukawa jambo la hatari.

Katika mazingira hayo haki ya kurudishiwa fedha haikuwa na maana kubwa, kwa kuwa fedha zilizorudishwa zisingenunua kipuri kingine mahali popote. Mwenye gari aliyepata klachi isiyolingana alikuwa na njia mbili: kubadilishana na mwenye gari jingine, au kumpelekea fundi aichonge mpaka iingie. Ujuzi wa mafundi wa kurekebisha kisichoingia, ambao hadi leo ni fahari ya gereji za mijini, ulikuzwa na mazingira hayo. Lakini ulikuwa na gharama yake kisheria. Kipuri kilichochongwa hakirudishwi, na mazoea ya kukifanya kiingie yaliufuta mpaka kati ya kipuri sahihi na kisicho sahihi. Haki inayotegemea tofauti kati ya njegere na maharage haiwezi kustawi pale ambapo kila mtu amezoea kupika alichopata.

6.0 Soko huria na majina yanayofanana

Kuanzia mwaka 1984 Tanzania ililegeza masharti ya uagizaji na kuwaruhusu wenye fedha zao za kigeni kuleta bidhaa. Katika miongo iliyofuata, magari yaliyotumika kutoka Japani yalienea Tanzania na Kenya, na vipuri vikaingia kutoka huko na kupitia Dubai. Maduka yalijaa Kariakoo jijini Dar es Salaam na kando ya barabara ya Kirinyaga jijini Nairobi, ambayo wengi bado huiita Grogan. Kwa mara ya kwanza mnunuzi alikuwa na duka la pili la kwenda, na kwa hiyo fedha zilizorudishwa zilikuwa na thamani.

Wakati huo huo uwezekano wa kuuziwa kipuri kisicho sahihi uliongezeka. Gari lililotengenezwa kwa soko la ndani la Japani huweza kubeba jina moja na injini kadhaa. Toyota Corolla ya kizazi cha E110 ilitolewa, miongoni mwa nyingine, na injini ya 4E-FE ya lita 1.3, ya 5A-FE ya lita 1.5 na ya 4A-FE ya lita 1.6. Anayeomba kipuri cha injini ya Corolla hajasema vya kutosha. Anayetoa namba ya chesisi na alama ya injini amesema. Kwa lugha ya sheria ya 1893, wa kwanza ametaja jina la biashara, na wa pili ametoa maelezo na kujulisha matumizi. Tofauti ya sentensi moja kaunta inaweza kuamua ni nani atakayebeba hasara.

Ugumu mwingine ni nafasi ya fundi. Mara nyingi mwenye gari hafiki dukani. Humpa fundi fedha na kumwagiza. Kwa mujibu wa kanuni za uwakala, ambazo Tanganyika iliziweka katika Sheria ya Mikataba ya mwaka 1961, maneno ya wakala humfunga aliyemtuma. Fundi akitaja vibaya, kosa ni la mwenye gari mbele ya muuzaji, naye humgeukia fundi. Muuzaji akitoa vibaya, mwenye haki ni mwenye gari, ingawa hakuwapo na hajui yaliyosemwa. Hivyo mtu mwenye haki na mtu mwenye ushahidi ni watu wawili.

Muuzaji naye ana hoja isiyopaswa kupuuzwa. Kipuri kilichofungwa na kufunguliwa huacha alama za spana na mafuta, na kifaa cha umeme kinaweza kuunguzwa na hitilafu iliyomo kwenye gari lenyewe. Sheria ya 1893 ilimpa mnunuzi nafasi ya kukagua bidhaa kabla ya kuhesabiwa kuwa ameipokea, lakini ilisema pia kwamba tendo lisilopatana na umiliki wa muuzaji ni dalili ya kuridhia. Je, kufunga kipuri ni ukaguzi au ni kuridhia? Kwa beringi inayokataa kuingia, kujaribu ndiyo njia pekee ya kukagua. Kwa kifaa kilichotumika wiki tatu, jibu ni jingine.

7.0 Sheria za kumlinda mlaji

Uingereza ilizuia kuondolewa kwa haki hizi dhidi ya mlaji kwa sheria za mwaka 1973 na 1977, na kwa amri ya mwaka 1976 matangazo ya kunyima kurudishiwa fedha bila kujali haki za kisheria yakawa kosa. Mwaka 2015 mlaji wa huko alipewa siku 30 za kukataa bidhaa isiyolingana na mkataba. Afrika Mashariki ilichukua njia yake, na ilichelewa.

Tanzania ilitunga Sheria ya Ushindani mwaka 2003, iliyochukua nafasi ya sheria ya mwaka 1994. Sheria hiyo inakataza mwenendo wa kupotosha na maelezo ya uongo kuhusu bidhaa, inaweka masharti ya lazima katika mikataba ya walaji, na imeunda Tume ya Ushindani, iliyoanza kazi mwaka 2007. Kenya ilikwenda mbali zaidi kwa kuliingiza suala hilo katika Katiba ya mwaka 2010. Ibara ya 46 inampa mlaji haki ya bidhaa zenye ubora wa kuridhisha, haki ya taarifa, haki ya kulindwa afya, usalama na maslahi yake ya kiuchumi, na haki ya fidia. Sheria ya Kumlinda Mlaji ilifuata mwaka 2012. Mahakama za madai madogo, zilizoundwa kwa sheria ya mwaka 2016, zilianza kazi Nairobi mwaka 2021 zikiwa na uwezo wa kusikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni 1 na wajibu wa kuyamaliza ndani ya siku 60.

Umuhimu wa sheria hizi kwa mnunuzi wa kipuri hauko katika kumpa haki mpya. Mnunuzi wa mwaka 1935 alikwisha kuwa na haki ya kupewa alichoagiza. Jipya ni kwamba haki hiyo haikuachwa tena mikononi mwa makubaliano, ambayo kwa kawaida huandikwa na upande mmoja, na kwamba kwa Kenya umewekwa mlango ambao mdai wa fedha ndogo anaweza kuuingia bila gharama kupita thamani ya kipuri.

8.0 Risiti na lugha

Lakini hata sheria nzuri hudai ushahidi, na hapa msemo wa wafanyabiashara wenyewe una uzito: mali bila daftari hupotea bila habari. Tanzania ilianza kutumia mashine za kielektroniki za risiti mwaka 2010 kwa lengo la kukusanya kodi ya ongezeko la thamani. Bila kukusudia, zilimpa mnunuzi ushahidi wa tarehe, duka na bei. Hata hivyo, risiti iliyobuniwa kwa ajili ya kodi si lazima ieleze kilichoagizwa. Inayosema tu kipuri, au vifaa mchanganyiko, inathibitisha kwamba fedha zililipwa. Haithibitishi kwamba mnunuzi aliomba njegere.

Suala la pili ni lugha. Sheria ya uuzaji wa bidhaa ya Tanzania iliandikwa kwa Kiingereza mwaka 1931. Tangazo la ukutani liliandikwa kwa Kiswahili, likaeleweka na kila aliyeingia dukani. Kwa miaka 90 mnunuzi alisoma kanuni ya muuzaji kwa lugha yake, na haki yake mwenyewe ikabaki katika lugha ambayo wengi hawakuisoma. Marekebisho ya mwaka 2021, yaliyokifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama nchini Tanzania, yaliigusa kasoro hii katika mzizi wake.

9.0 Hitimisho

Historia iliyojadiliwa inaonyesha kwamba haki ya kurudishiwa fedha kwa kipuri kisicho sahihi haikukosekana katika sheria za Tanzania na Kenya. Ilikosa masharti ya kuifanya itendeke. Ilihitaji soko lenye kipuri kingine cha kununua, sheria isiyoruhusu kuondolewa kwa tangazo, mahakama ambayo gharama yake haizidi dai, na maandishi yanayoonyesha kilichoagizwa. Masharti hayo yamefika kwa nyakati tofauti na kwa sababu tofauti, mengine bila kukusudiwa.

Kwa watafiti, hitimisho hili linaelekeza macho mbali na vitabu vya sheria pekee na kuyapeleka kwenye kaunta, mahali maneno yanapotamkwa. Kwa mnunuzi na muuzaji, maana yake ni nyepesi zaidi: namba ya chesisi na alama ya injini zikiandikwa kwenye risiti kabla fedha hazijatolewa, maelezo yaliyozungumzwa na sheria tangu 1893 yanakuwapo kwa maandishi. Muuzaji aliyetoa kilichoandikwa analindwa dhidi ya mteja aliyekosea kuagiza, na mnunuzi aliyepewa kisichoandikwa hahitaji tena kubishana na ukuta.